Mtoto Anataka Kuimba Kwaya: Kanisani, Shuleni, Mtaani au Darasa la Kulipia?

Mtoto anaimba akioga, anaimba akiosha vyombo, anaimba akitumwa dukani, na mwishowe anasema anataka kuingia kwaya. Wazazi wengi hufurahi, kisha hukwama, kwa sababu milango ni mingi. Rafiki yake wa jirani yuko kwaya ya Shule ya Jumapili. Mwalimu shuleni anatafuta waimbaji wa mashindano. Kuna mama mtaani anakusanya watoto Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa kata. Halafu kuna chuo cha muziki kinachotangaza darasa la sauti kwa ada ya kila mwezi.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi itatoka huku, ila mzazi wa Mwanza, Nairobi, Mombasa au Zanzibar atayatambua mazingira haya. Ninaposema kundi la nyumba ya ibada nina maana ya kwaya ya watoto ya kanisa, pamoja na kikundi cha kaswida cha madrasa, maana kwa familia ya Kiislamu hicho ndicho kinachoshika nafasi hiyo hiyo katika malezi ya sauti. Ninaposema kwaya ya mtaa nina maana ya kwaya isiyo mali ya shule wala ya dhehebu lolote, inayopokea watoto wa eneo zima.

Nitavipima vyote vinne kwa mambo yale yale: namna mtoto anavyopokelewa, anachojifunza, muda na njia, fedha, jukwaa, na usalama. Hayana uzito sawa. Kwangu mimi anachojifunza na usalama ndivyo vinavyoamua, na huko nitakaa zaidi.

Namna mtoto anavyopokelewa

Kanisani hakuna usaili. Mtoto wa miaka mitano husimama mstari mmoja na wa miaka kumi na mbili, na anayepotea katikati ya wimbo hubebwa na wenzake. Madrasa nako ni hivyo hivyo: anayesoma pale anaimba pale. Sharti ni moja tu, kwamba familia iwe ya imani hiyo, au angalau iridhie mtoto alelewe ndani yake.

Shuleni huchaguliwa. Mwanzoni kwaya ya shule inaweza kuwa wazi kwa wote, lakini mashindano yakikaribia mwalimu hupunguza watu, na hapo ndipo mtoto huambiwa "wewe kaa pembeni". Sipingi uteuzi, kwa sababu mashindano yana idadi yake. Ninachoomba ni mzazi awe tayari kwa siku hiyo. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa hana sauti, anaweza kuishi na neno hilo mpaka uzeeni, wakati mara nyingi kinachomkosesha ni mazoezi ya kusikiliza. Bado hajafundishwa kulinganisha sauti yake na ya mwenzake.

Kwaya nyingi za mtaa humsikiliza mtoto kwa ajili ya kumpangia tu, aimbe sauti ya kwanza au ya pili. Hapa ndipo mtoto wa Shia, wa Mlutheri na wa asiyekwenda popote husimama bega kwa bega. Darasa la kulipia nalo humpokea yeyote ambaye ada yake imelipwa.

Anachojifunza

Kuna watoto wanaotoka kwenye kwaya wakijua nyimbo arobaini, na kuna wanaotoka wakijua kuimba. Wa kwanza ukiwapa wimbo mpya wanasubiri waimbiwe kwanza. Wa pili wanajua pa kupumulia, wanashika sauti yao hata jirani akiimba nyingine, na wanamtazama mwalimu mkono unaposhuka. Kila moja ya kwaya hizi nne inaweza kumtoa mtoto wa aina yoyote kati ya hizo. Inategemea anayefundisha.

Kwenye nyumba za ibada mafundisho mengi ni ya kusikia na kurudia. Mwalimu anaimba mstari, watoto wanaurudisha, mpaka ukae. Watu wenye elimu ya muziki huudharau mtindo huu, na mimi sikubaliani nao. Wavulana wa Kamina, Katanga, ambao Padri Guido Haazen aliwakusanya pamoja na walimu wao, walizunguka Ulaya mwaka 1958 wakiimba misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo, na sehemu kubwa ya walichoimba haikuwa kwenye karatasi. Sikio lililofundwa vizuri ni mtaji wa maisha. Kaswida inaongeza kitu kingine ambacho kwaya nyingi hazina: matamshi. Mtoto anayeimba kwa Kiarabu na Kiswahili huku dufu likimshikia mwendo hujifunza kutamka kila herufi na kukaa ndani ya mapigo bila kukimbia.

Upungufu wa nyumba za ibada ni kwamba mafundisho hutegemea kabisa mtu aliyejitolea. Akihama au akioa na majukumu yakazidi, kwaya inaweza kulala miezi. Lakini parokia au usharika wenye mwalimu mzuri hufundisha solfa, na wengine nota kabisa. Solfa ile ya herufi d, r, m (do, re, mi) iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 ilifika kwetu na wamisionari na haijaondoka, kwa sababu inaandikika kwa chaki na haihitaji kinanda. Mtoto aliyejua solfa na nota akiwa darasa la tano anaweza kufungua tovuti kama Swahili Music Notes, ambamo nyimbo za kwaya za Kikatoliki zimewekwa pamoja na nota zake, akajisomea sauti yake mwenyewe.

Shuleni mtoto hujifunza nidhamu ya wimbo mmoja uliopigwa msasa. Wiki sita, nane, wanarudia nyimbo chache mpaka mwanzo, mapumziko na mwisho vikae pamoja. Nyumba za ibada hazina muda huo, kwa kuwa kila Jumapili inataka wimbo wake. Pia shuleni ndiko mtoto hukutana na nyimbo za asili za makabila yasiyo lake, pamoja na ngoma na uchezaji wake, jambo ambalo kwa mtoto aliyezaliwa Tabata au Kinondoni linaweza kuwa mlango wake wa pekee wa kuyasikia. Upande wa pili ni kwamba mashindano yakipita, mazoezi hukoma. Kati ya Julai na Februari kunaweza kuwa kimya kabisa.

Kwaya ya mtaa inayoendeshwa vizuri huchanganya vyote hivyo: wimbo wa asili, wimbo wa kisasa, wimbo uliotungwa na watoto wenyewe kuhusu maji au barabara. Wengi wanaozifundisha ni vijana wenye kipaji, baadhi wamepita Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), baadhi walilelewa na kwaya za kanisa. Viwango vyake hutofautiana kupita vya kwaya nyingine yoyote hapa, kwa hiyo sifa ya kwaya moja usiipeleke kwa nyingine. Ukiwa Nairobi, utakuta pia miradi ya mtaani inayoelemea zaidi ala kuliko sauti, kama Ghetto Classics ya Korogocho. Kwa mtoto anayependa muziki lakini anaona aibu kufungua mdomo, hilo linaweza kuwa jambo zuri.

Darasa la kulipia lina faida isiyopatikana kwingine: mtoto anasikilizwa peke yake. Mwalimu anaona bega linalopanda mtoto anapovuta pumzi, anasikia sauti inavyobana kwenye noti za juu, anasahihisha papo hapo. Vyuo kama Kenya Conservatoire of Music, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1944, hufuata njia ya nota na mitihani. Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2002, imejikita kwenye taarabu na muziki wa Visiwani na Pwani. Usifikirie kwamba chuo maana yake ni muziki wa Kizungu. Kinachokosekana kwenye darasa la mtu mmoja ni kwaya yenyewe. Kuimba ukiwa peke yako na kinanda hakufundishi kuisikia sauti ya mwenzako na kupunguza yako ili zikae pamoja.

Sasa koo, maana hapa wazazi wengi hawatazami. Sauti ya mtoto ni nyembamba na nyepesi, na kwaya nyingi zetu huimba kwa nguvu, kinanda kimewekwa kwenye ki (kimo cha sauti) inayowafaa watu wazima, spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Mtoto anaitikia kwa kupayuka. Mishipa ya shingo ikimtoka, uso ukibadilika, akirudi nyumbani sauti imekauka kila wiki, mafunzo hayo yanamwumiza, hata kama onesho lilipigiwa makofi. Sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa bila mafua inastahili kuonwa na daktari. Na kama una mvulana, muulize mwalimu mapema atafanya nini sauti itakapoanza kuvunjika, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 14 hivi. Mwalimu mzuri atakuambia atamshusha sauti taratibu na kumwacha aendelee kwenye eneo analoliweza. Asiyejua atasema asubiri nyumbani mpaka itulie, na mvulana aliyeambiwa hivyo mara nyingi harudi.

Muda na njia

Kwaya ya shule ndiyo nafuu kwa njia, kwa sababu mtoto yuko pale tayari. Tatizo lake ni msongamano: karibu na mashindano mazoezi huwa ya kila siku, na mtoto wa darasa la nne au la saba ana mtihani wa taifa mwaka huo huo. Zungumza na mwalimu wa kwaya na wa darasa pamoja, mwanzoni mwa muhula.

Nyumba ya ibada kwa kawaida inataka Jumamosi mchana na Jumapili, na iko karibu. Madrasa mara nyingi ni kila jioni, ila kaswida ni sehemu yake tu. Kwaya ya mtaa ni Jumamosi au Jumapili jioni, kwa miguu. Darasa la kulipia ndilo lenye mtihani mkubwa wa njia. Somo linaweza kuwa la saa moja au chini ya hapo, lakini ukikaa Mbagala na mwalimu yuko Oysterbay, mchana wote umekwenda na mtoto anafika amechoka. Kabla hujalipa, panda daladala siku na saa ile ile ya somo uone foleni ilivyo.

Fedha

Hakuna kwaya ya bure kabisa. Kanisani utachangia sare, safari za mialiko, na siku wakiamua kurekodi utachangia studio na video. Shuleni kuna mavazi ya ngoma na nauli kila timu inapovuka hatua. Kwaya ya mtaa huomba kidogo kila mwezi, na nyingi humpokea hata asiyeweza. Darasa la kulipia lina ada, na baada ya miezi michache kuna ombi la kinanda cha nyumbani. Usiulize bei ya mwezi. Uliza mzazi wa mwaka jana alitumia jumla ya kiasi gani, kwa sababu michango ya katikati ndiyo inayowakata watu pumzi.

Jukwaa

Nyumba ya ibada inampa mtoto jukwaa la mara kwa mara na la watu wanaompenda. Katika sharika za Kilutheri za KKKT kuna Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, ambapo watoto huongoza ibada wenyewe, wanaimba na kusema mistari kwa moyo mbele ya usharika mzima. Watoto wa Utoto Mtakatifu kwenye parokia za Katoliki wana sikukuu yao ya Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia, vikundi vya kaswida huwa na kazi mwezi mzima. Mtoto anayeogopa watu hupona polepole mahali kama hapa.

Jukwaa la shule lina hakimu. Tanzania ni mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, ambako kwaya na ngoma huenda sambamba na michezo, kutoka kata hadi wilaya, mkoa na taifa. Kenya kuna tamasha la muziki la kitaifa lililoanza mwaka 1927, ambako wasikilizaji wenye utaalamu hutoa alama na maoni kwa kila kwaya. Yale maoni ni hazina, na mwalimu anayewasomea watoto amewafundisha kitu kikubwa kuliko kombe. Mtoto anayependa kushindana huchanua hapa. Anayelia akishindwa atahitaji umwandae.

Kwaya ya mtaa huimba kwenye shughuli za jamii. Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, inayoadhimishwa tangu mwaka 1991 kuwakumbuka watoto waliouawa Soweto, Afrika Kusini, mwaka 1976, ndiyo siku yao kubwa. Hapo wanaimba kuhusu mambo yao mbele ya viongozi wanaopaswa kuyasikia. Darasa la kulipia lina onesho la wanafunzi, pengine mara moja au mbili kwa mwaka, na kwa anayetaka kuna mitihani kama ya ABRSM ya Uingereza, inayopanda gredi ya 1 hadi ya 8.

Usalama

Hapa simpendelei yeyote. Kanisa lina mlezi wa watoto na wazee wa usharika, madrasa ina ustadhi na kamati, shule ina mwalimu mkuu, na bado kote huko mtoto anaweza kuachwa na mtu mzima mmoja kwenye chumba kilichofungwa. Jina la taasisi si mlinzi. Kwaya ya mtaa ina uangalizi mdogo zaidi wa juu, kwa hiyo uliza kama serikali ya mtaa inaitambua na nani mwingine huwepo mazoezini. Darasa la mwalimu mmoja na mtoto mmoja lifanyike mlango ukiwa wazi, au mzazi akiwa ndani. Mwalimu anayekataa hilo, ondoka.

Uliza kote maswali haya, bila aibu. Mazoezi yakiisha usiku, watoto wanarudi na nani? Kwenye safari ya kulala nje, wasichana wanalala wapi, na yupo mwanamke mtu mzima? Video zao zinawekwa wapi, na mzazi aliombwa ruhusa? Akija mtu mwenye ahadi ya kuwapeleka watoto nje ya nchi, usitoe cheti cha kuzaliwa wala pasipoti kabla ya kwenda ustawi wa jamii. Zipo kwaya za kweli zinazosafiri, kama African Children's Choir iliyoanzia Uganda mwaka 1984, na ndiyo maana matapeli hupenda kutumia ahadi ya namna hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Tanzania, na ya 2022 kwa Kenya, zinamlinda mtoto popote alipo, na namba ya bure ya msaada kwa watoto, 116, inafanya kazi nchi zote mbili.

Kwa hali yako

Mtoto akiwa chini ya miaka saba, nyumba ya ibada au kwaya ya mtaa inatosha. Anachohitaji umri huo ni kuimba mara nyingi, nyimbo nyingi, bila kupimwa. Ada ya chuo inaweza kusubiri.

Familia ikiwa na dini mbili, au isiyotaka muziki uambatane na mafundisho ya imani, mtaa au shule vitawapa amani. Ukihamia mji mpya na mtoto hana marafiki, mpeleke mtaani au kwenye nyumba yenu ya ibada, kwa sababu wale atakaoimba nao Jumamosi ndio atakaokutana nao dukani Jumatatu.

Anayependa mashindano na shule yake ina mwalimu anayejali, shule. Kama shule haina kwaya, mkusanyiko wa wazazi watatu wanne wakimwendea mwalimu mkuu wanaweza kuianzisha, na kwa kuanzia hakihitajiki chombo chochote zaidi ya mtu anayejua solfa.

Mtoto wa miaka kumi au zaidi ambaye anauliza mwenyewe kwa nini sauti yake inakatika juu, au anatunga, au anataka kusoma nota, huyo darasa la kulipia litamfaa. Asiache kwaya yake ya zamani. Hata mwezi mmoja mmoja wakati wa likizo, kisha kurudi kwa wenzake na alichojifunza, unaleta tofauti. Kama fedha hazipo, tafuta mwanakwaya mkubwa wa kanisa lenu anayesoma nota umwombe amfundishe. Wapo wengi, na wengi hawajawahi kuombwa.

Mtoto mwenye haya sana, au mwenye kigugumizi, anza pale anapomjua mtu mmoja. Wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama, lakini asisukumwe kuimba peke yake mpaka aombe. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu au wa macho anaweza kuimba kwaya yoyote kati ya hizi, ila uliza kuhusu ngazi, uchezaji, na kama maneno hufundishwa kwa kusikia au kwa karatasi.

Popote utakapoegemea, nenda kwanza ukae kwenye mazoezi mawili, siku ya kawaida isiyo na wageni. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto anapokosea, na watoto wanacheka mara ngapi. Halafu mpe mtoto muhula mmoja. Akisema hataki tena, msikilize, ila amalize onesho ambalo wamekwisha kulianzia mazoezi, kwa kuwa wenzake wa sauti ya pili wanamtegemea. Likiisha, mwende pamoja kumuaga mwalimu na kurudisha sare.